Lililotwangwa Halilipizwi

Mwanakombo alimng'ata mdogo wake Alhamisi, na Ijumaa baba yake, Isihaka, akatoa hukumu: kesho mtoto anapelekwa Nanyamba, akalelewe na shangazi. Isihaka alikuwa amerudi Ziwani kutoka Mtwara, kulikokuwa kunajengwa bandari mpya, na badala ya kupumzika akakuta kichanga Abeid kina alama za meno mkononi.

"Mtoto wa miaka mitano ana roho ya paka," alisema. "Na ukimuuliza sababu, kimya."

Bi Mwaisha, mama yake Isihaka, hakumbishia. Mwanawe huyo alikuwa mkaidi tangu tumboni, na kubishana naye ni kuchochea kuni. Lakini moyo ulimuuma. Tangu Halima, mke wa Isihaka, ajifungue, Mwanakombo alilala ubavuni mwa bibi yake, na kuuwaza mkeka bila mjukuu kulimtia unyonge. Kimya kingi kina mshindo mkuu, aliwaza. Mtoto huyu hana ubaya, hana tu maneno ya kuyasema yaliyo moyoni.

Alasiri akamwita uani, kwenye kinu chenye makopa, ule muhogo mkavu wa kutwanga. Wanawake wa pale walikuwa na sheria yao: anayetwanga huimba lililomkaa moyoni, hata kama anamsema mkwewe, na lililoimbwa kinuni halilipizwi. Halima alipokuwa bibi harusi alimwimba Bi Mwaisha kwa uchoyo wa chumvi, na Bi Mwaisha akaitikia, amekasirika mpaka masikio.

"Twanga, twanga, nina huzuni," aliimba sasa. "Mjukuu wangu ananiondokea."

"Bibi, huzuni ni nini?"

"Ni pale panapouma hapa kifuani, nawe hujaanguka."

"Na hasira?"

"Hiyo inawaka. Inataka kupiga, inataka kung'ata."

Mwanakombo alifikiri. "Mimi ninazo zote mbili."

"Basi zitwange, mke mwenzangu." Akampa mchi mdogo.

Mtoto alitwanga kwanza kimya, kisha sauti ikatoka, nyembamba. "Mama, mgongo ulikuwa wangu. Abeid kauchukua. Nikikuita unasema ngoja. Ngoja, ngoja, ngoja."

Halima, aliyekuwa kizingitini akinyonyesha, aliinamisha kichwa. Isihaka akatoka ndani mbio. "Adabu gani hii?"

"Yuko kinuni, Isihaka," alisema Bi Mwaisha. "Nawe ukiwa na lako, mchi huu hapa."

Mwanamume kutwanga! Majirani wangemcheka mwezi mzima. Isihaka alisimama, akatazama mlango wa ua, kisha akaupokea mchi. Pigo la kwanza likapiga ukingo.

"Niliogopa," alisema, hakuweza kuimba. "Yule wa kabla ya Abeid tulimzika hajapata hata jina. Nilipoziona zile alama niliogopa, Halima."

Halima akalia. Miaka miwili mumewe hakuwa amemtaja mtoto yule.

Mwanakombo alimsogelea baba yake, akaweka kiganja kwenye tumbo lake, maana kifuani hakufika. "Baba, panakuuma na hujaanguka?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi twanga. Lakini usipige ukingo, makopa yanamwagika."

Isihaka akatwanga. Unga ulikuwa haujachekechwa, Bi Mwaisha alipoingia ndani kulifungua furushi la safari na kuzirudisha nguo za mjukuu wake mahali pake.