Shangazi wa Brooklyn

...na kijiko bado kiko mbele ya mdomo wa Yutong, uji wa mchele unapoa, mtoto kafumba mdomo kabisa, "Kula, mwanangu," anasema Biqin, na neno mwanangu linamtoka kama la kuazima, kwa sababu binti huyu wa miaka mitano, aliyemzaa mwenyewe, ana wiki mbili tu tangu arudishwe Brooklyn kutoka kwa bibi yake Fujian, China, na tangu uwanja wa ndege anamwita shangazi, kwa adabu, kama alivyofundishwa kuwaita wageni, "Nimeshiba, shangazi"... kila mtu mtaani hapa hupeleka kichanga chake China, ndivyo alivyojiambia, mtoto akikaza shingo kidogo anakabidhiwa mwanamke anayesafiri, bibi analea, wazazi wanabaki kukaanga wali kwenye majiko ya watu, damu ni nzito kuliko maji, akirudi atamjua mamaye... "Biqin, begi la kichanga umeshafunga?" mumewe Zeguang anauliza kutoka bafuni, ananyoa ndevu, "yule mama anayesafiri anamchukua kesho, asije akatusubiri mlangoni," na begani kwa Biqin kichanga, mdogo wake Yutong, amelala, pumzi yake ya maziwa inampiga shingoni... walipomchukua Yutong akiwa mchanga hivi, maziwa yalimlowesha aproni, akawa anayakamulia kwenye sinki la mgahawa, wenzake wakimtania, "Ng'ombe wetu huyo, mchungeni," naye akacheka nao, alicheka kweli, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini mzazi ni yupi, aliyezaa au aliyekesha na homa... "Shangazi," sauti ndogo, "mtoto anapelekwa kwa bibi?" "Ndiyo, kwa bibi." "Amefanya nini kizuri?" na Biqin haelewi, halafu anaelewa, mtoto huyu anadhani kwa bibi ndiko zawadi na huku ndiko adhabu, siku zote hizi analala akijiuliza alivunja bakuli gani hata bibi akamtoa, na yeye Biqin alikuwa akijililia nafsi yake tu, kwamba kanyang'anywa mwana, kumbe mwana ndiye aliyenyang'anywa mama, mara mbili, na mara zote mbili mkono ulikuwa wake...

"Begi, we Biqin. Husikii?"

"Sijafunga," anasema, "na sifungi. Haendi popote."

Bafuni maji yanazimwa. Yutong anamtazama mdogo wake kwa huruma, anamshika kidole cha mguu.

"Pole," anamnong'oneza. "Na wewe umekosa."