Mwendo wa Mkono wa Mwisho

Wimbo ule haukutungwa ili uchezwe. Naliandika hili mapema kwa sababu watu wana tabia ya kusahau, na mimi sina.

Ulitungwa kwenye chumba cha pasi cha kiwanda cha kufulia nguo, tulipokuwa tukinyoosha shuka za mahoteli na hospitali. Wanawake ishirini, meza ishirini, mvuke umetanda mpaka hujui jasho ni lipi na maji ni yapi. Kanuni yetu ilikuwa moja: wimbo unakwenda na mkono wa mwisho. Mstari wa kwanza unatandaza shuka, wa pili unapitisha pasi, wa tatu unakunja. Kama yupo ambaye hajakunja, mstari wa tatu unarudiwa, hata mara tano, mpaka naye amalize. Kwa hiyo hapakuwa na mvivu wala hodari. Msimamizi alibaki kukodoa macho, asijue amfukuze nani.

Mkono wa mwisho ulikuwa wa Mama Mkubwa. Aliyeongoza wimbo alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake, aliyemlea tangu ananyonya: wifi yangu, dada wa mume wangu, tuliyemwita Chiriku. Ndiye aliyeutunga. Na ndiye huyo ambaye baadaye picha yake ilijaa kila ukuta unaobandikika.

Alipoondoka kiwandani alikwenda studio. Prodyuza akausikiliza wimbo, akasema mzuri ila unasinzia. Akaukaza mwendo mara mbili, na mstari wa tatu ukaimbwa mara moja tu, basi. Nchi nzima ikacheza. Nami nilicheza, kwenye harusi ya jirani, mpaka kiatu kikakatika. Sijitoi.

Halafu Jumanne moja msimamizi akatundika spika darini. "Nimewaletea mwenzenu," akasema, anacheka. Tangu siku hiyo, kuanzia saa mbili asubuhi, sauti ya Chiriku ilimwagika vichwani mwetu upesi upesi, na aliyeachwa nyuma na wimbo aliandikwa jina. Wiki ya tatu Mama Mkubwa alikuwa anaukimbilia mstari wa pili, pasi ikapita juu ya kiganja chake cha kushoto. Nilisikia harufu kabla ya kusikia ukelele. Wimbo haukusimama.

Nikamfuata Chiriku kwenye ukumbi wa mazoezi. Nilimkuta anajaribu gauni, fundi amepiga magoti anabana upindo kwa pini.

"Wifi! Umekuja kunisalimia au kunigombeza?"

"Vyote. Jumamosi unakuja kuimba kiwandani?"

"Si wanafungua jengo jipya? Mimi nitaimba, ninyi mtapiga pasi uwanjani, televisheni watatupiga picha. Raha iliyoje!"

"Mkono wa Mama Mkubwa umeuona?"

"Kaniambia kamwagikiwa na chai."

"Chai gani inaacha alama ya ncha ya pasi?"

Fundi akaacha kubana. Nikamweleza Chiriku yote: spika, daftari la majina, kiganja. Akajitupa kwenye kiti na pini zake zote, zikamchoma.

"Aliyeukaza ni prodyuza," akasema.

"Na sauti ni ya nani?"

"Wee, usinijie na mdomo wako wa mikutano ya wafanyakazi! Mkataba unaujua? Niimbe kama ulivyorekodiwa, nisipunguze, nisiongeze. Nikikiuka, hakuna ukumbi mkubwa utakaonifungulia tena. Miaka kumi na moja, wifi. Nilianza kwa kupitia mlango wa nyuma."

"Najua. Nilikushikia mkoba."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Nataka ujue tu. Usije ukasema hukuambiwa."

Jumamosi, saa nne asubuhi, meza ishirini zilipangwa uwanjani. Tumevishwa sare mpya, mwenye kiwanda kakaa mbele kabisa. Muziki ukafunguliwa kwenye mashine. Chiriku akauimba ubeti wa kwanza kama ulivyorekodiwa, tena anatabasamu, nami nikamtukana moyoni kwa majina yasiyoandikika. Akaingia ubeti wa pili. Hapo ndipo alipomwona Mama Mkubwa, mkono mmoja una pasi, mwingine umefungwa bandeji, anahangaika kukunja shuka kwa kiwiko.

Akanyamaza. Akaweka maikrofoni chini, akashuka jukwaani, akaja kusimama kando ya meza yake. Akaanza upya kwa mdomo mtupu, kwa mwendo wetu wa zamani. Mashine ilikuwa bado inapiga. Hatukumsikia, tuliona midomo tu. Nikadakia. Wa meza ya pili akadakia, na wa tatu.

"Unajimaliza, dada! Unajimaliza!" meneja wake akapiga kelele. Hakugeuka.

Mstari wa tatu tuliurudia mara saba. Muziki wa mashine ukafika mwisho ukakatika, sisi bado tuko kwenye shuka ya kwanza.

Mkataba ulivunjwa jioni ile ile, na mabango yakaanza kubanduliwa Jumapili. Lakini rekodi haikuwa yake. Ni mali ya wenye studio, waliitolea hela, na mkataba waliuandika wao. Jumatatu saa mbili kamili spika zikaanza, Chiriku yule yule, mbio zile zile. Msimamizi akaongeza sauti, akafungua daftari.

Chumba cha pasi kina dirisha moja la kutolea mvuke, linatazama barabarani. Kiwanda ni cha mwenyewe. Barabara si yake.

"Si yule wa kwenye mabango?" mpita njia mmoja akauliza huko nje.

"Aah, yule asimame hapa? Wewe nawe."

Alikuwa yeye. Amefunga kitambaa kichwani kama zamani, ameshika nondo za dirisha, anaimba. Darini alikuwa anatukimbiza. Dirishani alikuwa anatungoja. Tukatandaza. Tukapitisha pasi. Mstari wa tatu akaurudia, akaurudia tena, sauti imeanza kukwaruza, macho yametoboa mvuke, mpaka Mama Mkubwa alipomaliza kukunja.