Karatasi Kwenye Tundu la Nyuma

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, nyuzi za gitaa zilisikika zaidi kuliko spika. Mpiga gitaa alikuwa amefungua sauti ya amplifaya hadi mwisho, na bado ilinong'ona. Saa tano kamili alitakiwa ukumbini mbele ya kiongozi wa bendi iliyohitaji mpiga gitaa mmoja tu. Kila mshindani angekuja na vyombo vyake. Majaribio yalikuwa siku hiyo moja.

Alibadilisha waya wa gitaa. Hakuna tofauti. Akaibeba amplifaya hadi chumba cha pili, kwa jirani yake, fundi redio waliyemwita Mita, kama kile kipimo chake cha umeme, maana hakuamini kitu kabla ya kukipima.

"Imekufa, kaka?"

"Maiti hainong'oni. Acha kutikisa meza, dada."

Fyuzi ilikuwa nzima, spika pia. Kwa kuwa nusu ya pili ya mashine, inayoikuza sauti kabla ya kufika kwenye spika, ina tundu lake nyuma, Mita alitaka kuingiza humo sauti ya simu, ajue nusu ipi imeharibika. Plagi ikagoma katikati. Akamulika tochi.

"Kuna kitu cheupe humu."

"Ni karatasi," alisema shangazi yake mpiga gitaa kutoka mlangoni, kwa fahari. "Nimeziba mwenyewe jana. Mende wameshaua redio yangu, sitaki waue na hii."

"Shangazi!"

"Shangazi nini? Tundu lenyewe hulitumii."

Mita hakucheka. Ndani ya tundu lile, alieleza, kuna vijilimi viwili vya chuma. Tundu likiwa tupu, hugusana na kupitisha sauti kutoka nusu ya kwanza kwenda ya pili. Karatasi ilikuwa imevitenganisha. Kilichosikika ni mabaki yaliyopenya.

Aliivuta kwa kibano. Nusu ikatoka, nusu ikakatikia ndani.

Saa nne na robo. Mpiga gitaa alikuwa ametafuna ukucha hadi kwenye nyama. Mita akafungua skrubu kumi na mbili, moja moja, akizipanga kwenye kisahani.

"Haraka basi, kaka."

"Haraka ndiyo iliyokata karatasi."

Akatoa kipande, akasafisha vijilimi kwa spiriti, akakinyoosha kile kilichopinda mpaka kikagusa mwenzake. Kipimo cha umeme kikathibitisha. Akawasha. Mpiga gitaa alipogusa uzi mmoja, vioo vya dirisha vikatetemeka na shangazi akaziba masikio.

"Sasa mende wakiingia?"

"Tutawapigia gitaa, mama," alisema Mita.

Skrubu ya mwisho ilirudi saa tano kasoro dakika nane. Ukumbi ulikuwa mwendo wa dakika ishirini.

Mpiga gitaa alifika saa tano na dakika kumi na mbili, amekumbatia amplifaya. Mlinda mlango alisema orodha imefungwa. Kiongozi, aliyeketi safu ya mwisho, akasema apige wimbo mmoja tu. Alipiga.

Saa tano na dakika ishirini kiongozi alisimama.

"Mazoezi Jumanne, saa nane," alisema. "Na usichelewe tena."