Mkazi wa Kichochoroni

Saa tatu asubuhi mdodosaji alimwekea mkuu wa takwimu mezani madodoso kumi na manne, kila moja limejazwa kwa kalamu mlangoni kwa mtu. Mkuu hakuyagusa. Siku hizi alikuwa na taarifa za simu za mji mzima ndani ya kompyuta, na kwa hesabu ya kompyuta, kichochoro cha nyuma ya kiwanda cha matofali kilikuwa na mkazi mmoja.

Mdodosaji alimweleza taratibu. Pale nyumba kumi na nne hutumia simu moja. Inakaa kwa mama mshonaji, na anayetaka kupiga huenda kuiomba. Watu ni sitini na wanane. Zahanati yao ikifungwa eti yupo mtu mmoja, dada yake yeye mdodosaji, anayeishi pale na ana mimba ya miezi tisa, atajifungulia wapi? Mkuu alisema hana muda wa porojo za mlangoni. Watu hudanganya, simu haidanganyi.

Saa nne mkazi huyo mmoja akaja ofisini. Alipita mlangoni kwa ubavu, akaketi kwenye kiti kimoja. Mguu wa kulia alivaa kiatu cha kike, wa kushoto buti la mpira. Alikohoa kikohozi cha mzee, kisha cha mtoto mchanga. Karani wa mapokezi alimwandikisha kwenye daftari la wageni kama kawaida.

Mdodosaji alivuta dodoso, akamuuliza swali la kwanza.

"Kwako mnaishi wangapi?"

"Sitini na wanane," mkazi akajibu. "Wagonjwa tisa. Mwenye mimba mmoja, na miguu imeanza kuvimba."

"Si unaona?" mkuu akasema. "Mtu mmoja."

Akagonga muhuri. Jumatatu zahanati ikafungwa. Mtu ana shahada mbili ukutani na kichwani hamna kitu, na ndiye anayeamua nani atibiwe.

Jumatano uchungu ukamshika dada. Kichochoro kizima kilipokezana simu ya mshonaji, wakapigia hospitali ya mbali mara thelathini na moja, tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Waliambiwa gari haliendi mtaa wenye mtu mmoja. Mtoto alitoka kimya, wakamzika jioni hiyo hiyo.

Alhamisi mdodosaji alirudi kazini, macho yamemvimba. Mkazi alikuwa kwenye kiti chake, analia kwa sauti za kike, za kiume na za watoto, na karani akamwomba apunguze kidogo kwa sababu watu wanafanya kazi. Mkuu alimwita mdodosaji aje aone kwenye kompyuta. Mstari wa kichochoro ulikuwa umepanda ghafla: simu thelathini na moja kwa asubuhi moja.

"Mchangamfu sana huyu," mkuu akasema, na ndivyo alivyoandika kwenye ripoti.