Bega la Donat

Kwanza niseme wazi: bwana yangu Donat si kilema. Ni mutu murefu, mwenye kifua, na chukudu yake inajulikana kutoka Katoyi mupaka Kibati. Lakini bega lake la kuume lilikuwa limeshuka, la kushoto limepanda, na shati lolote ulilomuvalisha lilikaa kama limetundikwa kwenye musumari mumoja. Watu wa kartie, mutaa wetu, wakaanza kucheka. Mama Généreuse, jirani yetu, ambaye mudomo wake haupumziki hata Dimanche, siku ya kanisa, aliniambia, "Katungu, bwana yako anatembea kama mutu anayetafuta kitu chini." Nikamujibu, "Atafute. Akikipata hatakupa wewe."

Kucheka si kitu. Shida ni kwamba mukono wa kuume nao ulianza kufa ganzi. Chukudu unaijua: ni mbao tupu na magurudumu mawili, goti moja juu ya ubao, muguu mwingine unasukuma, na mikono yote miwili inashika usukani. Siku moja Donat alikuwa akiteremuka kutoka Kibati na magunia ya makala ya kupikia, mukono ukamuacha. Chukudu ikaenda na njia yake, makala yakamwagika, na bwana yangu nikamukuta amekaa ndani ya mutaro akijichunguza vidole. Hapo nikaelewa: huu mukono ukikufa, chukudu imekufa, na sisi tutakula mawe. Hapa Goma mawe hayakosekani.

Sasa, watu wa chukudu wana sheria yao. Muzigo ukilala upande mumoja, unaongeza uzito upande wa pili, na safari inaendelea. Mimi nimeolewa na chukudu miaka mingi, sheria hiyo ninaijua. Nikamuambia, "Muzee, bega linashuka kuume kwa sababu kushoto hakuna kitu. Dawa ya uzito ni uzito." Nikamupa bido la maji, lile kubwa la njano, alibebe kwa mukono wa kushoto asubuhi na jioni, hata kama nyumbani kila sufuria imejaa. Alibeba bila kunung'unika, maana Donat hajui kubishana. Majirani walipata maji ya bure. Jioni nilimukanda kwa mafuta ya mawese ya moto mupaka akanuka kama sufuria ya sombe, majani ya muhogo.

Na bega? Lilizidi kushuka! Généreuse akasema, "Samaki anakunjwa angali mubichi, mama. Huyu wako alishakauka."

Ndipo nikamukokota kwa kiné, mutu anayetibu viungo kwa mikono yake. Alikuwa dada wa Bukavu, jina lake Joviale, na kituo chake kilikuwa kando ya kambi ya wakimbizi kule Lac Vert. Pale kwenye benchi walikaa watu waliotoka vitani, mwingine hana muguu, na mimi nikaona haya kuleta bega tu. Joviale akasema, "Ingieni, mama. Maumivu hayashindanishwi."

Akamuvua Donat shati, akapapasa mugongo polepole kutoka shingoni mupaka kiunoni. Akamuambia ainame mbele, na loo, mugongo ukakaa sawa kabisa. "Munaona? Mifupa haina shida," akasema. "Haya ni mazoea. Misuli ya upande huu imefupika, inabana mishipa inayokwenda mukononi. Muliifanyia nini?"

Nikamueleza habari ya bido, tena kwa kujisifu. Musichana yule alicheka mupaka akashika meza.

"Mama Katungu, mutu si chukudu! Ukimubebesha kushoto, mwili unaogopa kuanguka, unaegemea kuume. Umemusukuma kule kule alikokuwa anakwenda."

Nikamugeukia Donat: "Lile bido ulitue leo hii."

Joviale akatupa kazi ya kufanya. Donat asimame mugongo ukutani, visigino, matako, mabega na kichwa vyote vimegusa ukuta, avute mabega nyuma na chini. Ainyooshe shingo pole pole. Kitambaa cha maji moto juu ya bega. Na kwenye chukudu abadilishe goti, leo hili, kesho lile. Tulifanya yote. Ganzi ilipungua, Mungu asifiwe, lakini kila jioni bega lilikuwa limerudi chini. Tulipomurudia Joviale, alikunja uso. "Kuna kitu kinalivuta kila siku. Na mimi sijakiona."

Siku hiyo alitusindikiza mupaka mulangoni. Donat akapita upande wangu wa kushoto, kama siku zote, akainama kuniambia kwamba jua ni kali, tununue ndizi kabla ya kupanda nyumbani.

"Papa Donat!" Joviale akapiga kelele. "Kaa hivyo hivyo! Kwa nini unainama?"

"Ili anisikie," Donat akasema.

Ikabidi nieleze. Vita vilipofika Kibati, tulikokuwa tunakaa, bomu lilianguka nyuma ya jikoni yetu, ndani ya shamba la maharagi. Sikio langu la kuume lilikufa palepale, na la kushoto likaziba. Tulikimbia na watu wote, magodoro kichwani, mbuzi, watoto, na mimi sikusikia hata kidogo. Niliona midomo inafunguka tu. Niliogopa, sitaficha, niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Donat akaja upande wa kushoto, akainama mupaka mudomo ukagusa sikio. Mwanzo nilisikia pumzi yake tu. Tulipofika Munigi, maneno yakaingia: "Katungu, niko hapa."

Tangu hapo hakuacha, hata sikio la kushoto lilipofunguka, maana sauti yake ni ndogo. Yeye ni murefu, mimi ni mufupi. Kila neno ananiletea sikioni, na kila asubuhi, kabla ya kushika chukudu, anainama: "Niko hapa. Nitarudi."

Kumbe lile bega lilikuwa mimi! Nililia palepale mulangoni, kisha nikakasirika. "Na wewe, kwa nini hukusema?"

"Niseme nini?" Donat akajibu. "Sikujua kama ninainama. Nilijua ninaongea na bibi yangu."

Joviale akageuka, akajifanya anatafuta ufunguo. Kisha akatoa amri: kuinama, basi. Nyumbani mimi nikae kwenye kiti kirefu, yeye kwenye kigoda. Njiani aseme kwa sauti.

Kwa sauti! Donat, mutu ambaye hata kanisani anaimba ndani ya koo lake! Asubuhi zilizofuata alinipungia mukono tu, akaenda amenyooka kama askari. Nilijaribu kupanda juu ya jiwe ili nimufikie, nikateleza, karibu nivunje meno. Bega lilipanda, ganzi ikaisha, watu wakanipongeza. Mimi nilishukuru, na moyoni nilisikia baridi. Nilitaka bega lipone, na nilitaka maneno yangu.

Halafu asubuhi moja wanawake walikuwa wamejaa kwenye robinet, bomba la maji la kartie, Généreuse katikati yao. Donat alikuwa amefunga muzigo. Akasukuma chukudu kidogo, akasimama, akageuka. Akafungua mudomo, akaufunga. Jasho likamutoka.

"Katungu!" Robinet yote ikageuka. "Niko hapa! Nitarudi!"

"Kumbe ni hilo tu?" Généreuse akasema. "Miaka yote tulifikiri munatuteta sisi!"

Donat hakumutazama. Aliinua mukono wa kuume, ule uliotaka kufa, akauinua wote mupaka juu, na mabega yake yalikuwa sawa.

Nilikuwa nimesikia kila neno. Nikaweka kiganja nyuma ya sikio langu la kushoto, nikapaza sauti:

"Sikusikia, muzee! Rudia!"