Aliyekuja Baada ya Basi

Ko! Ko! Ko! Mlio ulitoka bondeni, nyuma ya mahindi, na jembe la Basi likaganda hewani. Shoka hilo. Na bondeni hakukuwa na miti ila ile michache iliyofunika chemchemi.

Akatimua mbio.

Marehemu baba yake Basi alipopata mtoto wa kiume wa saba alisema, "Huyu ndiye Basi." Akachukua kamba, akapima shamba vipande saba, kila mtoto na chake, miti ya chemchemi ikabaki ya wote. Miaka minne baadaye mama akajifungua tena. Wakamwita Basi wa Pili. Watu walicheka, lakini shamba lilikuwa limeshagawanywa.

Sasa Basi wa Pili alisimama kifua wazi, shoka mkononi, na mti wa kwanza una jeraha jeupe.

"Mdogo wangu, una wazimu? Nyumba nane zinakunywa hapa!"

"Nyumba saba zina shamba. Ya nane inakunywa maji tu." Hakugeuka. "Mke wangu ana mimba ya miezi saba, kaka. Nimlishe kivuli?"

"Ukilima hapa utavuna misimu miwili. Wa tatu maji yamekauka, sote tunahama."

"Maneno ya aliyeshiba hayo! Wewe uliitwa Basi, ukapata. Mimi nilikuja baada ya basi."

Basi alitazama juu, kwenye mahindi yake. Ameshiba nini? Kipande chake kilikuwa chembamba kama mkeka, na ana wana watatu. Akiwapimia, kila mmoja atapata pa kulala chali tu, kama kaburi. Maji nayo yalikuwa yakitoka kwa unyonge. Siku hizi ndoo haijai mpaka umalize kuwasengenya majirani wote.

"Leta shoka."

"Sikupi."

"Haya, kaa nalo. Nusu ya kipande changu utalima wewe, kuanzia mvua hizi."

Basi wa Pili aligeuka. "Shemeji atakubali?"

"Atanifukuza kwa mwiko." Hakuna aliyecheka. Basi aliweka kiganja juu ya lile jeraha la mti, utomvu ukamganda vidoleni.

"Wanangu sitawapimia kamba. Watalima pamoja, au watafute ufundi. Na wewe nakuahidi, mdogo wangu, miti hii ikisikia: mwanao hatalala na njaa mimi nikiwa na hindi hata moja ghalani."