Zima, Sali, Washa

Baba yangu, Laban, alimfundisha mama kutengeneza waifai kwa maneno matatu: zima, sali, washa.

Fundi kutoka Garsen aliyetufungia antena juu ya paa alikuwa amesema mtandao ukisumbua tuzime ruta, tungoje kidogo, kisha tuwashe. Mama akauliza kidogo ni kiasi gani. Fundi akacheka. Baba ndiye aliyejibu. "Asenath, wewe sali Baba Yetu. Polepole, kama kanisani. Ukifika Amina, washa."

Na kweli ilikuwa inakubali. Picha ikiganda, mama aliinuka, akabonyeza swichi ya ukutani, akafumba macho. Sote tulinyamaza. Nyumbani kwetu hakuna anayemkatiza mtu akisali, hata kama anausalia mtandao.

Kijijini kwetu Kulesa, laini za simu hushika ukipanda tuta la barabarani. Ndani ya nyumba, hakuna kitu. Kwa hiyo baba alipopelekwa Mombasa kupasuliwa tumbo, waifai ndiyo iliyobaki kuwa njia ya mama ya kumwona. Kalama, jirani yetu ambaye shamba lake limepakana na letu, alikwenda naye kumuuguza, na simu ya Kalama ndiyo iliyokuwa ikipiga.

Mimi nilikuwa Hola, najitolea kufundisha huku nikingoja kazi. Nilifika nyumbani jioni ya kuamkia siku ya upasuaji, nikamkuta mama ameishika simu kwa mikono miwili kama bakuli la uji wa moto. Kando yake alikaa Sidi, mke wa Kalama. Baba alikuwa kwenye kioo, mdomo wazi, haendi mbele wala nyuma. Sauti ilikuja vipandevipande, kisha ikakatika.

"Tangu aondoke ni hivi tu," mama alisema. "Namwona nusu, namsikia robo."

"Mtandao wenu huu ni kama mume wa safari," Sidi akasema. "Leo yupo, kesho hayupo, na akija haongei."

"Na wako si yumo humo humo? Mwite basi."

Walicheka, lakini mama aliacha kucheka kabla ya Sidi. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi.

"Maurine," Sidi akasema, "umesoma mpaka ukavaa joho. Hiki kidude kitakushinda?"

Nilisomea ualimu wa historia na dini, lakini kwetu shahada ni shahada. Na niseme ukweli, nilifurahi kuulizwa. Niliamini kila kilichoharibika kina sababu yake, na mtu mwenye subira akiitafuta ataipata. Nikamwahidi mama kwamba asubuhi, kabla baba hajaingizwa ndani, atamwona mzima mzima, bila kukatika. Mama alinishika mkono akanitazama.

"Nataka tu anione," alisema. "Asiingie mle ndani na uso wa madaktari peke yake."

Kulipokucha nilipanda ngazi hadi kwenye paa. Antena ilikuwa imeelekea Garsen kama fundi alivyoiacha, hakuna tawi mbele yake, waya haujaliwa na panya. Nikatembea hadi kwenye tuta nikampigia fundi simu. Alikuwa kijiji cha Wema, ana kazi ya mtu mwingine.

"Antena ikiwa sawa, basi ni ndani," alisema. "Ruta iko wazi? Hamjaifunika na kitu? Hasa bati. Bati linakula mtandao, dadangu."

Nikarudi mbio. Juu ya kabati, pale baba alipoiweka ruta, palikuwa na kitambaa cha kufuma cha mama na picha ya harusi yao. Ruta haikuwepo. Waya mbili tu, zimepanda ukutani kuelekea juu.

"Mama, ruta iko wapi?"

Simu ikalia wakati huohuo. Mama akaipokea, na kwa kidevu akanionyesha uchaga, lile jukwaa la miti chini ya paa tunapohifadhi mazao.

Hapo nikaelewa. Redioni walikuwa wametangaza kwamba maji yanakuja kutoka juu, watu wa kando ya mto wajihadhari. Na sisi wa hapa, maji yakitangazwa, kitu usichotaka kukipoteza unakitia kwenye debe, unalifunga kwa kifuniko, unalipandisha uchagani. Mbegu za mpunga hukaa huko. Vyeti vyangu vya shule vilikaa huko. Baba alipoondoka, mama alikichukua kidude cha baba akakiweka mahali pa heshima kuliko pote alipopajua.

Nikapanda. Chini yangu nilimsikia mama akisema, "Laban? Laban, unanisikia? Sogeza simu, Kalama, naona paji la uso tu." Nikatambaa kati ya magunia hadi kwenye debe. Alikuwa amelitoboa kwa kisu ubavuni ili kupitisha waya, akalizungushia lile tundu kipande cha kanga ili waya zisikatwe na bati. Nikalivuta, nikang'oa kifuniko. Ruta ilikuwa imelala juu ya mbegu, taa yake inawaka. Nikaitoa, nikaiinua juu ya kichwa changu. Nikatabasamu peke yangu gizani mle.

Taa ikazimika mkononi mwangu.

"Mama! Umezima?"

"Baba yako amesema nizime."

"Washa! Washa, mama, nimeshapata shida yake!"

Nilichungulia chini nikamwona amesimama karibu na swichi, macho ameyafumba, midomo inatembea. Polepole, kama kanisani. Sidi aliweka kidole mdomoni mwake kunionya.

Alipofika Amina aliwasha. Ruta ikachukua muda wake kuamka, kama kawaida yake. Mtandao uliporudi ulikuwa safi, haujawahi kuwa safi vile. Mama alipiga, ikaita bila kupokewa. Alipiga tena. Alikuwa ameshajipaka mafuta usoni na kufunga kilemba cha kitenge alichokipenda baba, na simu ilimwonyesha uso wake mwenyewe, wazi kabisa, ukingoja.

Baadaye tulikwenda wote kwenye tuta. Kalama alipopatikana alisema baba ameshaingia. Mchana tulipompigia tena, alikuwa analia. Sidi ndiye aliyechukua simu kutoka kwangu, akasikiliza, akaketi chini kwenye vumbi.

Tulimzika Kulesa, upande wa juu, ambako maji hayafiki.

Wageni walipotawanyika, mama aliniuliza swali moja, na aliendelea kuniuliza hilohilo akiwa anapepeta mchele, akiwa anafagia. "Maurine, kwa nini hakutaka nimwone? Nilikuwa nimeanza kumwona. Akasema zima. Neno lake la mwisho kwangu liwe zima?"

Nilisema labda alikuwa na maumivu. Labda alitaka tuurekebishe mtandao. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayempa mtoto heshima.

Kalama alikuwa hajaja kukaa nasi. Alichimba kaburi, akawapokea wageni, lakini kila mama alipomkaribia alipata shughuli. Jumapili moja baada ya ibada Sidi alimleta, karibu kwa kumvuta shati. Aliketi kwenye kiti cha mlangoni.

"Shemeji," mama akasema, "niambie tu. Alinikasirikia?"

"Nani, Laban?" Kalama alishangaa kweli. "Kwa nini?"

"Aliniambia nizime."

Nilimwona Kalama akiyarudia maneno yale kichwani, midomo ikichezacheza. Kisha akajifunika uso kwa kofia.

"Shemeji, hakusema hivyo. Ulimuuliza hali. Akakuambia, mimi mzima. Akarudia, mimi mzima, Asenath, mzima."

Debe lilikuwa limekula mwanzo wa lile neno, likamwachia mama mwisho wake.

"Na mimi nikazima," mama akasema.

Sidi alianza kulia.

"Ngoja," Kalama akasema. "Kioo kilipokuwa cheusi, alicheka. Wallahi alicheka, na lile tumbo lake. Akaniambia, anasali huyo, tumngoje Amina. Manesi wakaja na kitanda. Akawaomba kidogo. Wakasema daktari anangoja. Basi akaanza na yeye, Baba Yetu, huku wanamsukuma. Nilitembea naye hadi mlangoni."

Mama alikuwa ameinamisha kichwa.

"Alifika wapi?"

"Utupe leo riziki yetu. Hapo mlango ukafungwa."

Mama aliinuka. Ruta sasa iko juu ya kabati, wazi, kando ya picha ya harusi. Mtandao ulikuwa sawa, hakuna aliyekuwa anahitaji kutengenezewa chochote. Alibonyeza swichi, taa ikazimika, akafumba macho. Hakuanza mwanzo.

"Utusamehe deni zetu," alisema, na akaendelea kutoka hapo, polepole, mpaka hata milele. Kidole chake kilikuwa kwenye swichi. Sote watatu tulilingoja lile neno moja lililobaki, na yeye hakulisema.